Msipige Ramli kwenye Akaunti za Vyuo

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana amekaa mbele kabisa na saa ameivua mkononi akaiweka mezani.

Walionisikia mwaka jana wanalijua swali langu, na naomba wanivumilie kwa sababu bado halijajibiwa. Ukijua leo kama chuo kimekupokea, utafanya nini ambacho hutaweza kukifanya ukijua siku yenyewe ya majibu? Nimewauliza vijana wengi wanaoomba vyuo vya Marekani. Wanatabasamu, wanaangalia chini, halafu mmoja anasema, "Mwalimu, mimi nataka kujua tu."

Kujua tu. Sawa.

Kalenda ya maombi siwaelezi, mnaijua kuliko siku zenu za kuzaliwa. Nataka tuzungumzie zile wiki za Februari na Machi, fomu zimeshapelekwa, hakuna la kuongeza, na kijana anaanza kusoma nyota. Anafungua akaunti yake ya maombi asubuhi, mchana na saa nane za usiku. Anatafuta mtandaoni kama kuna mwenzake aliyeona kitu. Sehemu ya msaada wa ada imetokea kwenye akaunti, basi nimechaguliwa. Kwa rafiki yangu haijatokea, maskini, yeye ndiyo basi tena. Anwani ya ukurasa imeongezeka tarakimu mbili. Chuo kimeomba matokeo ya nusu mwaka. Barua ya safari hii imenitaja kwa jina langu la kwanza. Zamani dalili ilikuwa unene wa bahasha: nene ina fomu za kujiandikisha, nyembamba ina karatasi moja ya pole. Angalau bahasha ilikuwa jibu lenyewe limeshafika. Siku hizi tunapima unene wa bahasha ambayo haijaandikwa.

Sasa nisimulie kisa changu. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Ndiyo, ni kile kile cha mwaka 2005, na nitakisimulia mpaka kiishe.

Mwaka huo shule nyingi kubwa za biashara za Marekani zilikuwa zinapokea maombi kupitia kampuni moja iliyoitwa ApplyYourself. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi mtu aliweka maelekezo mtandaoni. Hayakuwa maelekezo ya kijasusi. Unaingia kwenye akaunti yako mwenyewe kwa nywila yako mwenyewe, unachukua namba zako za utambulisho zilizomo kwenye ukurasa, unazipachika mwishoni mwa anwani fulani, unabonyeza. Kama shule ilikuwa imeshaandaa barua yako ya uamuzi, inakufungukia. Mwenye kujua kunakili na kubandika alikuwa anaweza. Upenyo ule ulikaa wazi kwa muda wa takriban saa tisa, kisha kampuni ikauziba.

Saa tisa tu. Kwa Harvard peke yake, waliochungulia walikuwa 119. MIT, kile chuo cha teknolojia cha Massachusetts, walikuwa 32. Stanford, Duke, Dartmouth na Carnegie Mellon nao walikuta wao.

Hebu mfikirieni mmoja wa wale 119. Ni mtu mzima, ana kazi, ameandika insha ya kueleza namna atakavyoongoza watu kwa busara. Majibu ya Harvard yalipangwa kutoka tarehe 30 Machi. Alikuwa amebakiza siku 28. Anabonyeza. Anaona nini? Wengi waliona ukurasa mtupu. Mtupu! Hakuna ndiyo, hakuna hapana, weupe tu. Wengine waliona barua ya kukataliwa. Fikirieni basi usiku wa yule aliyeona weupe: amekiuka utaratibu, moyo unamdunda, na mkononi hana hata dalili. Nina hakika alianza kuutafsiri ule weupe. "Ukurasa mtupu maana yake bado wananijadili." Ndivyo ramli ilivyo, hata ikinyamaza mwenyewe anaisemea.

Halafu Harvard ikatoa msimamo: yeyote aliyechungulia hatapokelewa. MIT na Carnegie Mellon zikafuata njia hiyo hiyo.

Walijuaje? Swali zuri, na hapa ndipo ninapopenda. Hawakuhitaji mpelelezi. Ile anwani ilikuwa na namba ya mwombaji ndani yake. Kila aliyebonyeza aliandika jina lake kwa mkono wake kwenye daftari la mlinzi, pamoja na saa aliyopita.

Mwaka jana baba mmoja alinisimamisha hapa hapa. Akasema, "Mwalimu, hawa hawakuiba kitu. Kila mmoja alitazama faili lake mwenyewe. Mlango uliachwa wazi na fundi, adhabu akapewa mpita njia." Baba huyo sijui kama amekuja leo, lakini nimeifikiria hoja yake mwaka mzima na nitamjibu. Kwanza, nakubaliana naye nusu. Kukataa watu 119 kwa mkupuo mmoja bila kuwapima mmoja mmoja, adhabu ilizidi kosa. Dartmouth, kwa mfano, haikuwafungia mlango wote kwa pamoja, ililihesabu lile tendo kuwa doa katika faili la mhusika. Hilo mimi naliona la haki zaidi. Aliyebonyeza kwa udadisi saa saba usiku si sawa na mwizi wa mitihani, na kampuni iliyoacha upenyo ilistahili lawama kubwa kuliko ile iliyopata.

Lakini nusu ya pili siikubali. Faili lile lilikuwa lake, uamuzi haukuwa wake bado. Barua ambayo haijatumwa ni mali ya mwandishi. Mimi nikikuandikia barua ya posa nikaiacha mezani, wewe ukaingia ukaisoma, usiseme nimekuposa. Pengine nilikuwa naelekea kuichana.

Na hilo la kuichana si mzaha. Katika wiki za mwisho ofisi za udahili hutazama kundi zima walilolichagua: wametoka wapi, wanataka kusoma nini, idadi imezidi au imepungua. Majina huingia na kutoka. Mtu aliyekuwa ndani Jumatatu anaweza kuwa kwenye orodha ya kusubiri Alhamisi, na hakuna aliyemdhulumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwahidi chochote. Unaweza kuchungulia ukaona ukweli, na ule ukweli ukabadilika kabla ya jibu kutoka.

Mwenyekiti ananionyesha vidole. Tano? Kumi na tano. Haya, tuna muda.

Mtasema hayo ni ya zamani, mwaka 2005 tovuti zilikuwa bado changa. Kweli. Siku hizi ukurasa unaoufungua hauna barua iliyofichwa nyuma yake kama hirizi chini ya mkeka. Katika mfumo uliotengenezwa vizuri, uamuzi unakaa upande wa chuo, ofisi inapanga siku na saa ya kuutoa, na mpaka saa hiyo ifike kivinjari chako hakiletewi kitu. Kwa hiyo wewe kijana unayebonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ili usome msimbo wa ukurasa, unasoma maelekezo ya rangi na ukubwa wa herufi. Niliwahi kuletewa picha ya skrini na mvulana mmoja mwerevu kabisa, ameizungushia mstari mwekundu sehemu ya msimbo yenye neno la Kiingereza lenye maana ya kukubali. Nikaisoma. Lilikuwa linahusu kukubali vidakuzi, zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kompyuta yako.

Na ile sehemu ya msaada wa ada? Mara nyingi hufunguliwa kwa kila aliyeomba msaada, kwa sababu ofisi ya msaada ina fomu zake za kukusanya na haisubiri ofisi ya udahili imalize. Matokeo ya nusu mwaka huombwa kwa kila mtu. Mahojiano na mhitimu wa chuo hutegemea kama kuna mhitimu mwenye nafasi karibu na unapoishi. Basi, hizo tumezimaliza.

Tuje kwenye dalili zinazotoka kwa chuo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanaponiambia, "Sasa hii je, Mwalimu? Hii imetoka kwao kabisa."

Februari mwaka 2014, MIT iliwatumia waombaji baruapepe ya kawaida ya kikazi. Chini kabisa, kwenye zile herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, kulikuwa na sentensi inayosema kwamba unapokea ujumbe huu kwa sababu umepokelewa MIT. Hakuna anayezisoma isipokuwa mtu anayesubiri majibu. Huyo anasoma mpaka nukta. Majibu ya MIT yalikuwa bado mwezi mzima. Chanzo kilikuwa nini? Orodha za wapokeaji zilichanganywa, na maelezo ya orodha ya watu waliokwisha kupokelewa mapema yakabebwa yakaja kwa kila mtu. Maofisa wakaeleza hadharani na kuomba radhi. Lakini mfikirieni kijana aliyeiona ile sentensi usiku. Kwa vigezo vya wapiga ramli, hiyo ilikuwa dalili ya dhahabu: imeandikwa, inatoka kwenye anwani ya chuo, inasema waziwazi. Na haikuwa na maana yoyote.

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha California, San Diego, kiliwapongeza waombaji wake wote, wakiwemo 28,000 waliokuwa wameshakataliwa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Kentucky kilituma habari njema kwa watu wapatao 500,000 kuhusu programu ambayo kwa kawaida huchukua wanafunzi 35 au 40 tu kwa mwaka. Nusu milioni! Wengi wao hata hawakuwa wameiomba. Kama barua kamili ya pongezi inaweza kuwa kosa la mtu aliyebonyeza orodha isiyo sahihi, tarakimu mbili kwenye anwani ya ukurasa zikuambie nini?

Naona mkono. Usiuteremshe, najua utakachosema. Utasema kuna barua za mapema za kweli. Zipo. Vile vyuo vinane vya Marekani vinavyoitwa Ivy League, Harvard na Yale vikiwemo, vina makubaliano kwamba kati ya Oktoba 1 na Machi 15 vinaweza kumwandikia mwombaji kumdokeza kwamba anaelekea kupokelewa. Wanamichezo ndio wanaozipata zaidi, kisha wachache ambao chuo kinaogopa kunyang'anywa na wenzake. Lakini tazama barua hiyo ilivyo. Inakuja kwako kwa jina lako, ina sahihi ya ofisi, imeandikwa kwa makusudi uisome. Hukuitafuta kwenye msimbo wa ukurasa. Kidokezo cha kweli kina tabia moja: kinakufuata. Na kama hujakipata, wengi mno wanaopokelewa hawakukipata pia, kwa hiyo msianze kunipigia simu tarehe 16 Machi mnalia.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, mwaka 1948 alichukua njiwa wenye njaa, akawa anawaletea chakula kila baada ya muda maalumu, wafanye wasifanye lolote. Njiwa hawakujua kwamba saa ndiyo inayoleta chakula. Mmoja akawa anajizungusha upande mmoja, mwingine anarusha kichwa kwenye kona ya kizimba, mwingine anayumba kama pendulamu. Sita kati ya wanane walijitungia ibada ya namna hii. Kila mmoja alikuwa na hakika, kama njiwa anaweza kuwa na hakika, kwamba kichwa chake ndicho kilichofungua chakula. Sisemi mtoto wako ni njiwa, mama. Nasema mtu anayefungua akaunti mara arobaini kwa siku, halafu siku ya arobaini jibu likaja, ataamini kwamba kufungua kulisaidia. Mwakani atamfundisha mdogo wake.

Hata vyuo vyenyewe vinajua kwamba mnakaa mnahesabu dakika, na vingine vinacheza na nyinyi. MIT hutoa majibu tarehe 14 Machi, kwa sababu Wamarekani huanza na mwezi, ikawa 3.14, ile pai ya hisabati. Na tangu mwaka 2012 wamezoea kuyatoa saa 6:28 ya jioni kwa saa za kwao, kwa kuwa 6.28 ni pai mara mbili. Sisi kwa Kiswahili hiyo ni saa 12 na dakika 28, kwa hiyo utani wao wote unaishia njiani. Lakini mnaona? Saa imetajwa, dakika imetajwa. Hakuna kilichofichwa cha kuchimbua. Kinachobaki ni kungoja, na kungoja ndiko tusikokuweza.

Nirudi kwenye swali langu, kwa sababu mwaka jana kijana mmoja alijaribu kulijibu na alijitahidi. Alisema, "Nikijua nimekataliwa mapema, nitaweka nguvu kwenye vyuo vingine." Nikamuuliza, nguvu gani? Maombi yameshafungwa kote. Akasema, "Nitajiandaa kisaikolojia." Hilo nililiheshimu. Ila kujiandaa kunahitaji habari ya hakika, na tumeshaona kwamba dalili haikupi hakika. Inakupa wiki tatu za kuamini kitu ambacho huenda si kweli. Nilimshauri binti mmoja aliyeona anwani ya akaunti yake imebadilika, akaamini, akamwambia shangazi yake, na shangazi hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Jibu likaja: orodha ya kusubiri. Kwa mtu mwingine hiyo si habari mbaya sana, ni mlango ulioegeshwa. Kwa yule binti ilikuwa kunyang'anywa. Alilia kwa kupoteza kitu ambacho hakuwahi kupewa, na kila aliyekuja kumpongeza ilibidi aelezwe upya.

Dakika tatu? Mwenyekiti, saa yako inakimbia.

Basi haraka haraka. Anayekuambia ana mtu wake ndani ya ofisi ya udahili, na kwa kiasi fulani cha pesa atakuangalizia: mkimbie, na usimpe nywila hata kwa kumwonyesha tu. Alama za darasani zisishuke sasa, chuo kinaweza kufuta nafasi kikiona matokeo ya mwisho yameporomoka. Orodha ya kusubiri ina mambo yake, nilitaka niiongelee kwa kirefu, tutaiacha. Tarehe 1 Mei ndiyo siku ya kuthibitisha katika vyuo vingi, na hiyo ndiyo tarehe ya kuandika ukutani.

Swali moja? Karibu, mama.

Mama anauliza: yeye anayo nywila ya mwanawe, kwa sababu walijaza fomu pamoja. Siku ya majibu mtoto atakuwa shule. Je, ni vibaya akiingia yeye kwanza, aone, ili kama ni habari mbaya ajue namna ya kumpokea?

Mama, nashukuru umeuliza kwa uwazi, maana hapa ndani hauko peke yako. Nikupe kisa kifupi. Mwaka 2002 Yale ilifungua tovuti ya majibu, na mwombaji aliingia kwa namba yake ya hifadhi ya jamii na tarehe ya kuzaliwa. Ofisi ya udahili ya Princeton ilikuwa na namba hizo kwa wale walioomba kote kuwili. Kompyuta za Princeton, nyingi zikiwa za ofisi hiyo, zikaingia mara 18 kwenye majibu ya wanafunzi 11. Baadaye watu wa ofisi wakajitetea kwamba walikuwa wanapima usalama wa tovuti. Ilikuwa aibu kubwa, na ofisa aliyehusika akahamishwa. Watu wanapokisimulia hukumbuka ugomvi wa vyuo viwili. Mimi huwakumbuka wale 11, waliosubiri miezi, halafu jibu lao likapitiwa na macho ya mtu mwingine.

Wewe si Princeton, unampenda. Lakini ukishaona, atakusoma usoni akiwa bado mlangoni na mkoba begani, hata hajavua viatu. Jibu lake atalipata kwenye uso wako. Mwachie afungue mwenyewe. Akitaka uwe pembeni, kaa pembeni. Akijifungia chumbani, mngoje atoke, na asipotoka upesi usigonge.

Haya, mwenyekiti, nimekaa.